Amplifaya Mbili Nyuma ya Leso

Jumapili moja mwaka 2006, Daktari Mutinda alitoka kanisani kabla ya matangazo, jambo ambalo mkewe hakulipenda hata kidogo, akashika njia ya Spring Valley, mtaa wa Nairobi alikoishi rafiki yake Ndegwa. Santuri yake aliilaza kwenye kiti cha mbele, akaifunga mkanda kama abiria mwenye heshima zake.

Kwa Ndegwa kulikuwa na amplifaya mbili mpya. Ndegwa alikuwa wakili, na ukimwona mahakamani ungemdhania mtu mwenye akili zake timamu. Nyumbani kwake sasa, waya za spika zilikuwa nene kama mkono wa mtoto, na ole wako umuulize sababu. Yeye, Mutinda wa meno, na Waithera, mchora ramani za majengo mwenye ofisi Westlands, walikuwa na desturi yao. Chombo kipya kikiingia mjini kililetwa hapo na kuzibwa kwa leso ili kisijulikane. Sauti ilisawazishwa kwa kipimo, maana sikio hupenda chenye makelele, kisha kila mmoja akapiga santuri anayoijua kama kiganja chake. Kuongea muziki ukilia kulikuwa mwiko. Kazi ya kubadilisha waya nyuma ya leso alipewa Virginia, mke wa Ndegwa, kwa kuwa hakujali hata kidogo chombo kipi kingeshinda.

Santuri ya Mutinda ilikuwa ya kwaya ya kanisa moja la Ukambani, iliyorekodiwa mwaka 1969. Wenzake aliwaambia kwamba anaipenda kwa sababu sauti nyingi pamoja huumbua chombo kibovu. Hiyo ilikuwa nusu ya ukweli. Katika kwaya hiyo alikuwemo mamake, Mwelu, aliyefariki Mutinda akiwa na miaka mitatu. Uso wake aliujua kwa picha, lakini sauti yake hakuikumbuka kabisa, na hilo lilimuuma. Babake alimwambia tu, "Yumo humo," na baba naye baadaye akafariki. Basi kila amplifaya aliyonunua, aliinunua akitumaini kwamba siku moja sauti zile zitaachana, moja ijitokeze mbele, naye aijue.

Na angeweza kuuliza. Aunty Ndanu, mdogo wa mamake, aliimba kwenye kwaya ile ile na alikuwa hai, mzima, huko Machakos, na simu anayo. Kuuliza si ujinga, lakini hawa watu wa masikio wana kiburi chao. Mutinda aliona ni aibu mtoto kuonyeshwa mamake kwa kidole. Alitaka amtambue mwenyewe.

Santuri ya kwaya ilipowekwa, amplifaya ya kwanza ilikuwa tamu. Sauti zilishikana, laini na nzito, kama uji uliokorogwa na mtu asiye na haraka. Waithera alitikisa kichwa kwa raha. Mutinda alifumba macho akapekua soprano, akapekua alto, akatoka mikono mitupu kama siku zote.

Virginia akabadilisha waya. Ile ya pili ilikuwa kavu, haina mapambo, lakini akina mama wa kwaya waliachana mmoja mmoja hadi ukasikia benchi likilia chini ya mtu. Ubeti wa kwanza ulipokwisha, kabla ya wa pili kuanza, kikasikika kitu ambacho hawajawahi kukisikia: sss, sss, sss.

Ndegwa mwenyewe ndiye aliyevunja mwiko.

"Hapo. Mmeskia hiyo noise? Hii ya pili imeanguka."

Lakini Mutinda alishikwa na hamu ya kujua, akaomba irudiwe. Walisafisha sindano, wakaipangusa santuri, na sauti ikarudi pale pale. Wakaweka santuri ya Waithera, ile sss haikusikika. Basi chombo hakikuwa na kosa. Kile kitu kilikuwa ndani ya santuri miaka yote, na ile amplifaya tamu ilikuwa imekimeza. Wakairudia tena, watu wazima watatu wamepiga magoti kwenye zulia na nguo zao za kanisani, masikio yameelekezwa kwenye spika.

"Hiyo si noise," Waithera alisema mwishowe. "Hiyo ni mdomo ya mtu."

Mutinda aliinuka kutoka zuliani. Hapo kiburi chake chote kikamwishia, akatoa simu akampigia Aunty Ndanu. Alijua simu haiwezi kubeba sauti nyembamba kama ile, kwa hiyo ilimbidi aiige kwa mdomo wake, daktari mzima, amesimama katikati ya sebule ya watu: sss, sss, sss. Akamweleza ni wimbo upi, na ni kati ya beti zipi. Aunty akamjibu kwa Kikamba, polepole.

"Huyo ni Mwelu. Mwalimu alimweka mbele kabisa, kwenye maikrofoni, kwa sababu sauti yake ilikuwa ndogo. Lakini siku hiyo ulikuwa umewakataa watu wote, ikabidi akubebe mgongoni. Hakuimba hata neno moja, mwanangu. Wimbo mzima alikuwa akikunyamazisha wewe."

Mutinda alimuuliza kama yeye mwenyewe alilia.

"Ulitaka. Kila ukivuta pumzi ulie, anakuwahi."

Alikata simu. Miaka yote hiyo alimtafuta miongoni mwa waliokuwa wakiimba. Alijaribu kuwaeleza wenzake, akaishia kwenye neno "mamangu." Machozi yakamtoka, mabega yakatikisika, na hakujali nani anamwona. Virginia alichungulia kutoka nyuma ya leso, akamtazama mumewe. Ndegwa aliinua sindano akairudisha kwenye ule wimbo.

Kwaya ikaimba ubeti wake ikamaliza. Mutinda akavuta pumzi ndefu ya kilio, na pale mbele ya wengine wote, karibu kabisa, mamake akamwambia, sss, sss, sss.

Mutinda akanyamaza.