Jina la Mwisho Kwenye Makala

Miaka kumi na mmoja Sinyati alifundisha nadharia ya michezo chuoni mjini Arusha, na miaka yote hiyo shangazi zake wa Terrat walimuuliza anafundisha timu gani. "Ni hesabu, shangazi! Hesabu ya kujua mwenzako atafanya nini kabla wewe hujafanya lako."

Sasa mkataba wake ulikuwa unakwisha Ijumaa, na nafasi ya ajira ya kudumu ilikuwa moja. Waombaji wawili: yeye na Anande, mwenzake aliyeandika naye makala zote tano. Balaa likaanzia hapo. Wachumi wa fani yao hupanga majina ya waandishi kwa alfabeti. Basi Anande mbele, Sinyati nyuma, mara tano. Lakini mwenyekiti wa kamati, Profesa Theresia, ni mtaalamu wa misitu, na katika fani yao jina la kwanza ndiye mwenye kazi.

"Dokta, humu wewe ni msindikizaji," alimwambia siku ya Jumanne, bila hata haya. "Kama sivyo, lete barua ya mwenzako."

Msindikizaji! Kazi aliyoisotea mpaka macho yakaharibika!

Jumatano alipanda hadi Akheri, nyumbani kwa Anande, kumwomba hiyo barua. Alifika mgombani, akamsikia akicheka na mkewe, miguu ikagoma. Akili ikaanza kazi yake ya kila siku. Anande akiandika, anaikosa nafasi. Asipoandika, anaipata. Mwenye akili timamu haandiki, na pengine ameshaandika ya kunimaliza. Hata mwanafunzi wa mwaka wa pili angelipata jibu hilo. Akageuza bila kubisha hodi.

Usiku hakulala. Alhamisi asubuhi aliandika barua yake mwenyewe: Anande aliwekewa jina kwa hisani tu, hakuna hata mstari mmoja alioufikiri. Ulikuwa uongo, na aliujua, maana makala mbili kati ya zile walizitolea jasho wote wawili. Lakini mwenye njaa hana miiko. Akaituma kwa kamati.

Ijumaa Profesa Theresia alimwita, akamsogezea karatasi. Ilikuwa barua ya Anande, ya Jumatano jioni, aliyoiandika bila kuombwa na mtu. Makala tatu ni za Sinyati mwanzo mwisho, aliandika. Mbili tuliandika pamoja. Mpeni yeye. Mkataba wangu bado una miaka miwili, ombi langu nimeliondoa.

"Jana asubuhi tulikuwa tumeshakupitisha," Profesa alisema. "Nilikuwa nashika simu nikupigie, ikaingia hii yako. Mmoja wenu ni mwongo, Dokta, na yeye hana cha kupata. Nafasi tutaitangaza upya, na wewe hutaomba."

Sinyati alishika ukingo wa meza. Mungu wangu, nimejichimbia kaburi mwenyewe.

"Anande anajua?"

"Nimemwonyesha. Ilibidi."

"Akasemaje?"

Profesa Theresia alivua miwani, akaiweka juu ya barua zote mbili.

"Aliisoma mara mbili. Halafu akaniuliza kama unaumwa."