Landrova Pacha wa Baba

"Lusiana, saruji haisubiri mtu," alisema mjomba Amedeus, fundi wetu wa makaburi. Kwa msumari alikwisha kuandika jina la baba kwenye msalaba mbichi, SATURNINI, na mwaka wa kufa, 2001. Mwaka wa kuzaliwa ulibaki wazi.

Sikuweza kutulia. Kaburini, uani, uani, kaburini, kama kuku anayetafuta pa kutagia. Baba alikuwa yatima wa misheni, na kitabu cha ubatizo kililiwa na mchwa. Alichojua ni kwamba alizaliwa siku Landrova hii iliposhushwa Nachingwea, mpya. "Mimi na gari hili mapacha," alizoea kusema. Sasa lilikaa juu ya mawe uani kwetu Ruponda, namba zake zimezama chini ya rangi alizolipaka mwenyewe.

Na huku kwetu kila kikuukuu ni cha Mjerumani. Gari la Mjerumani, basi na baba wa enzi ya Mjerumani: themanini na ushee. Mvi zake zilitutosha.

"Niandike 1916, tumalize," mjomba alisema.

"Usiandike!" Nilimfokea, mtu mzima wa watu. Nachukia kukisiakisia. Ndiyo maana nilimwita mzee Shaibu, fundi magari wa Nanganga, na muda huo alikuwa chini ya Landrova akikwangua chesisi kwa kisu.

"Mjerumani gani, mwanangu?" alicheka akitoka. "Mjerumani kaondoka Landrova haijaundwa popote. Hii ya Mwingereza, ya yale mashamba yake ya karanga Nachingwea. Ona taa: za mwanzo zilijificha nyuma ya wavu, hizi zinachungulia nje. Na namba yake, tarakimu ya kwanza ndiyo mwaka. Moja. Hamsini na moja."

Nilihesabu kwa vidole, nikarudia, nikiomba niwe nimekosea. Hamsini. Baba alikufa na miaka hamsini.

Mwezi wa tatu alishika kifua akaniambia, "Lusi, nipeleke hospitali." Nilikuwa napepeta mpunga. Hata sikugeuka. "Uzee huo, baba," nilimjibu. "Uzee hauna dawa." Hakuniomba tena.

"Inakauka!" mjomba aliita.

Nilimnyang'anya msumari, nikapiga magoti nikaandika mwenyewe, 1951. Saruji ilishaanza kushika, ikabidi nikandamize kwa mikono miwili.

Mjomba aliisoma. Akaupangusa mwiko, mikono yake bado imejaa nguvu.

"Mimi ni wa arobaini na tisa," alisema. "Na kila asubuhi nilikuwa namwamkia shikamoo."