Tafadhali, Wewe Kwanza

Safari ilianza kwa ubishi wa adabu mlangoni. Mzee Hushang alimwashiria mkamwana wake atangulie kutoka. Farangis akarudi nyuma hatua moja, mkono kifuani.

"Haiwezekani, Baba. Wewe kwanza."

"Mimi nani hata nikutangulie? Wewe ndiwe ua la nyumba hii."

"Ua bila shina ni takataka, Baba. Tafadhali."

Mama Turan, mke wa mzee, alikuwa akikaanga vitunguu vya supu. "Jamani, tokeni! Mkimaliza taarofu yenu ya kukaribishana theluji itakuwa imeshayeyuka!"

Wakatoka pamoja, wakakwama mlangoni na ski zao, zile mbao ndefu za kutelezea thelujini, wakacheka.

Uani, Hushang alikagua sepetu ya Farangis na ufito wake wa kudungia theluji kumtafuta aliyefukiwa, kisha kile kifaa cha kufungwa kifuani, ambacho humwita mwenzako ukifukiwa. Akafungua koti lake ili naye akaguliwe. Farangis akasita. Ampekue baba mkwe?

"Nipekue kama mwizi," mzee alisema. "Mlimani hakuna taarofu."

Maneno hayo aliyasema kwa miaka thelathini alipokuwa mwokoaji wa mlimani hapo Shemshak, kijiji chao, na wapo waliokuwa hai kwa sababu yake.

Farangis alikuwa na miezi mitano katika nyumba ile. Mumewe alishinda Tehran kikazi, akirudi mwisho wa wiki, hivyo jioni nyingi alizimaliza na mzee, chai mbele yao, akifundishwa tabia za theluji. Baba yake mwenyewe alifariki yeye akiwa darasa la nne. Hakutegemea kwamba Mungu angempa mwingine.

Na baba huyu alimwahidi jambo moja tangu siku ya harusi: kushuka naye Kifua cha Njiwa, mteremko mpana ulio juu ya kijiji. Wiki iliyofuata goti lake lingepasuliwa, na daktari alishasema kwamba baada ya hapo ski basi. Ilikuwa leo au asishuke tena maishani.

Walipanda kwa kufuata mgongo wa mlima, mahali pasipo mwinuko mkali. Theluji ilikuwa imeanguka siku tatu pamoja na upepo, na sasa jua lilikuwa kali. Mzee alitangulia akipiga mluzi.

Walipofika penye jiwe jeusi, Farangis alisikia theluji ikiguna chini yake. Uuuf! Kama mtu mnene anapojibwaga kwenye godoro. Ufa mwembamba ukakimbia mbele ya ski zake.

Akasimama. Mzee mwenyewe ndiye aliyemfundisha: theluji ikiguna, tabaka la juu halijashikana na la chini, linaweza kuporomoka. Geuka, urudi nyumbani. Akamsubiri ageuke. Mzee akazidi kupanda na mluzi wake.

Amezaliwa hapa, Farangis aliwaza. Mimi nani nimfundishe? Tena leo? Akanyamaza, akafuata.

Kileleni, mteremko ulikuwa umelala chini yao bila alama hata moja. Macho ya mzee yaling'aa.

"Tafadhali, binti yangu. Wewe kwanza. Theluji isiyokanyagwa ni haki ya bibi harusi."

"Haiwezekani, Baba. Wewe kwanza." Mdomo ulijibu wenyewe, kwa mazoea. Ndipo akakumbuka ule ufa. Wa kwanza ndiye atakayeukata mteremko, theluji yote iporomoke naye. Walikuwa wanakaribishana kaburini kwa maneno matamu.

"Haya, ukinilazimisha," mzee alisema, akakaza viatu. "Ya Ali!"

Ee Mungu, nifungue kinywa, Farangis aliomba, nisimzike baba wa pili. Akaukamata mkoba wa mgongoni wa mzee kwa mikono miwili.

"Baba, hatushuki!"

"Unasemaje?"

"Theluji iliguna! Pale kwenye jiwe jeusi. Ikapasuka!"

Uso wa mzee ukabadilika. "Iliguna? Mbona sikusikia?"

Farangis akamtazama masikio. Matupu. "Baba, vifaa vyako vya kusikilizia viko wapi?"

Mzee akaangalia viatu vyake. "Nyumbani. Kwenye bakuli la njugu za pistachio. Vinanizeesha."

"Una miaka sabini na moja!"

"Ndiyo, lakini sionekani hivyo."

Farangis akacheka huku machozi yakimtoka. Lakini mzee hakucheka.

"Kwa hiyo umesikia, ukapanda nusu saa nzima kimya?"

"Niliona haya, Baba."

"Haya haimfukui aliyefukiwa, Farangis." Kisha sauti ikalainika. "Wala ubishoo wa mzee haumfukui."

Akatoa sepetu, akachimba pembeni, akaacha nguzo fupi ya theluji, akaigonga kwa kiganja. Pigo la tatu, kipande cha juu kikateleza mpaka magotini kwake, laini kama droo ya kabati. Akakitazama. Kisha akautazama mteremko, kwa muda mrefu, na Farangis alijua anaaga nini.

"Nisamehe, Baba."

"Nikusamehe kuniacha hai?" Akageuza ski. "Tunarudi tulikopitia. Tupeane nafasi. Wewe unatangulia."

"Haiwezekani, wewe—"

"Farangis!"

"Natangulia, Baba."

Nyumbani supu ilikuwa mezani. "Mmeshuka?" Mama Turan aliuliza.

"Mkamwana wako kakataa."

Mama Turan akaweka upawa chini, akambusu Farangis kwenye paji la uso. "Na mimi nilimkatalia palepale, mwaka wa harusi yetu. Alininunia siku mbili."

"Moja na nusu," alisema Hushang. Alikuwa amevitoa vifaa vyake bakulini, akapuliza chumvi, akavivaa. Akasogeza kiti karibu na Farangis.

"Sasa, binti yangu. Theluji ilisemaje?"

Farangis akajaza mashavu. "Uuuf."

"Tena."

"Uuuuf!"

Mzee alifumba macho, akatikisa kichwa polepole, kama mtu aliyeletewa salamu na rafiki wa zamani. Kisha akamsogezea bakuli la pistachio.

"Tafadhali. Wewe kwanza."

Farangis hakubisha. Akachota.