Bei ya Leo Asubuhi

Jumamosi, baada ya zamu ya asubuhi, Fundi alisimama mbele ya nyanya za dukani na pakiti moja mkononi. Ndani yake mlikuwa na nyanya nne, zote za ukubwa mmoja, zimelazwa kwenye kisahani cha plastiki kama watoto wachanga wodini. Alisoma bei. Akaigeuza kichwani kuwa pesa za kwao, akaguna, kisha akaigeuza tena kuwa shuka. Kazi yake ilikuwa kupiga pasi shuka za hoteli, na tangu ahamie nchi hii kila kitu alikipima kwa shuka. Mkate ulikuwa na shuka zake, sabuni na shuka zake, kitunguu kimoja foronya kadhaa. Nyanya nne zilikuwa shuka nyingi mno, tena zile pana za vitanda vya maharusi.

Walimwita Fundi kwa sababu kwao alikuwa fundi cherehani. Jina lilisafiri naye, cherehani ikabaki.

Huu ugonjwa wa kugeuza bei humpata kila mhamiaji, na kwa kawaida hupona wenyewe, mtu akizoea au akichoka. Wa Fundi haukupona kwa sababu mdogo wake aliulisha. Mdogo wake alibaki nyumbani na mama yao, na kila Jumamosi jioni alipiga simu kumpa dada yake bei za huko. Unga umepanda. Mafuta ya kupikia yamepanda. Nyanya ndiyo usiseme. Bei ziliendelea kupanda hivyo hivyo kwenye simu, mpaka siku moja Fundi alipopiga hesabu akakuta kwao kumekuwa ghali kuliko huku ughaibuni. Akamwonea mama yake huruma. Akaanza kunywa chai kavu, isiyo na maziwa wala sukari. Kitunguu akawa anagawana na mpishi aliyekuwa akiishi naye chumba kimoja, nusu yako nusu yangu. Kilichobaki alituma.

Mpango wake ulikuwa kukaa kidogo, arudi, afungue duka lake la kushona. Nauli ya kurudia alikuwa ameshaiweka benki. Mwezi uliopita mdogo wake akamwambia kwamba mama sasa anakula mara moja kwa siku, tena uji. Fundi akaitoa nauli, akaituma.

Ndiyo maana Jumamosi hiyo, mbele ya zile nyanya, alisema kwa sauti bila kumlenga mtu yeyote:

"Kwetu, enzi zangu, kwa pesa hii ningepata ndoo nzima."

"Ndoo leo sina," alijibu mtu nyuma yake. "Nina mafungu."

Alikuwa Mama Mafungu wa sokoni kwao. Alikuwa ameketi juu ya kreti ya soda iliyopinduliwa, kati ya rafu ya viazi na rafu ya vitunguu, gunia limetandazwa mbele yake, nyanya zimepangwa nne chini na moja juu. Miguu ilikuwa na tope. Alifukuza inzi kwa kipande cha boksi, na inzi walikuwepo.

"Shikamoo, Mama Mafungu."

"Marahaba. Hebu sogeza hicho kikapu, unanizibia wateja."

Fundi alisogeza kikapu. "Fungu bei gani?"

"Elfu moja."

"Hiyo si ya zamani?"

Mama Mafungu aliacha kufukuza inzi. "Zamani ipi? Hiyo ni bei ya leo asubuhi. Shika hii."

Fundi aliishika nyanya. Ilikuwa bado na umande.

"Mdogo wangu ananiambia fungu ni elfu nane."

"Elfu nane!" Mama Mafungu alicheka mpaka akashika kreti asianguke. "Mwanangu, ningekuwa nauza fungu elfu nane, ningekalia kreti mimi?"

"Na unga?"

"Umeshuka tangu mavuno."

"Mafuta ya kupikia?"

"Yako pale pale ulipoyaacha. Kwani huyo mdogo wako ananunua soko gani, la mbinguni?"

Meneja wa duka alifika, kijana mwenye tai fupi. Alimuuliza Mama Mafungu kama ana mizani.

"Nyanya hazipimwi, baba. Zinapangwa."

Meneja alilitafakari hilo. Akamwomba asogee kidogo ukutani ili vitoroli vipite, kisha akaenda akarudi na aproni ya kijani yenye jina la duka, kwa sababu utaratibu haukuruhusu mtu kukaa kwenye njia ya mboga saa za kazi bila sare. Mama Mafungu aliivaa juu ya kanga. Ilimbana kifuani, lakini alisema ina mfuko mzuri.

Fundi alitoa sarafu za huku ili anunue fungu moja. Mama Mafungu alizigeuza kiganjani, akamrudishia.

"Hizi nikazipeleke wapi?"

Fundi hakuwa na pesa za kwao hata kidogo. Zote zilikuwa kwao. Kwa hiyo Mama Mafungu alichukua nyanya moja akamwekea mkononi. Hiyo ni nyongeza, alisema, ya mafungu yote uliyowahi kununua.

"Na mdogo wangu mzima?" aliuliza Fundi.

"Mzima sana. Amenawiri. Nyumba imefika kwenye paa. Juzi lori limeshusha vigae, vyekundu, mtaa mzima umetoka kuangalia."

"Nyumba ya nani?"

"Yake na mumewe, ya nani tena? Vyumba vitatu. Cha kwao, cha watoto, na cha mama yako, kile kinachotazama barabarani ili aone wapita njia."

"Na changu?"

Mama Mafungu alianza kulipanga upya fungu ambalo halikuwa limebomoka.

"Hicho sikukisikia," alisema.

"Mama anazijua bei hizi?"

"Mama yako? Kila siku yuko kwangu. Mafungu mawili, na maneno mpaka basi."

Mlangoni mlinzi alimzuia Fundi akataka risiti ya ile nyanya. Fundi alisema ni nyongeza. Mlinzi aliuliza nyongeza ya nini. Ya kununua nyumbani kwa miaka mingi, Fundi alijibu. Mlinzi, ambaye naye alikuwa amehama kwao, alifikiri kidogo, akafungua mlango.

Njiani Fundi alijiambia kwamba mama hajui anayoyasema mdogo wake kwenye simu. Mama ananunua tu nyanya zake na kupika. Wazo hilo alilibeba mpaka chumbani kwa uangalifu, pamoja na ile nyanya.

Jioni simu iliita.

"Dada, nyanya hata usizitaje," alisema mdogo wake kabla ya salamu. "Elfu tisa sasa."

"Wiki iliyopita ulisema nane."

"Wiki iliyopita ni wiki iliyopita, dada. Huku mambo yanakimbia."

"Hata kwa Mama Mafungu?"

"Huyo siku hizi haonekani. Leo nimepita sokoni, pale pake patupu."

Hapo hakudanganya.

"Na hiyo nyumba ya vigae vyekundu?"

"Nyumba ipi? Nani huyo anakuletea maneno huko? Dada, upweke huo utakuchanganya akili. Tafuta watu wa kuongea nao."

"Mpe mama simu."

"Mama amelala. Njaa inachosha, dada yangu."

Mpishi alikuwa amekaa kitandani kwake, anasikiliza. Walikata ile nyanya katikati, wakaila kwa chumvi.

"Hii ni nyanya ya kwenu kweli," mpishi alisema. Akalamba kidole. "Na yule ni mdogo wako kweli. Anakupenda kama mfuko wake."

Jumamosi zilizofuata Mama Mafungu alikuwa mahali pake. Fundi hakulazimika tena kusema neno. Habari ilienea kwa wahamiaji wengine, nao wakaanza kuja na vikapu vitupu na kunung'unika mbele ya rafu. Dereva mmoja wa lori alilalamikia bei ya maziwa, akatokea mzee wa kwao na ng'ombe. Ng'ombe alikuwa mtulivu, ila aligeuka kwa shida. Meneja akabandika tangazo: wateja wanaombwa wasitamke neno "kwetu" kwenye njia ya maziwa, kutokana na ufinyu wa nafasi.

Fundi hakuwa na haja na maziwa. Alikuwa na jambo moja la kuhakikisha, na aliliahirisha kadiri alivyoweza. Kila mdogo wake alipopiga, mama alikuwa amelala, au amekwenda msibani, au ana kikohozi hawezi kuongea. Fundi hakuuliza zaidi. Maadamu hajasikia sauti ya mama, mama alibaki upande wake.

Hatimaye alinunua muda wa maongezi, akasimama karibu na vitunguu, akapiga namba ya mama mwenyewe.

"Haloo, mwanangu," alisema mama.

Sauti ilikuja mara mbili. Moja ilitoka kwenye simu, nyingine upande wa viazi. Mama alikuwa anatembea kati ya rafu, kikapu mkononi, simu ameibana kati ya sikio na bega. Alikuwa amevaa viatu vipya. Alifika kwenye gunia, akainama, akaanza kuminya nyanya kwa kidole gumba.

"Mama, mnakula nini?"

"Tunajikaza tu, mwanangu. Nyanya, kwa mfano..." Alirudisha moja iliyokuwa laini, akachukua nyingine. Akainua macho, akamwona binti yake ng'ambo ya gunia, karibu kiasi cha kushikana mikono. "... nyanya hata harufu yake tumeisahau."

Sentensi aliimaliza kwa sababu alikuwa ameshaianza.

"Mafungu mawili kama kawaida?" aliuliza Mama Mafungu, akiwa anamtazama Fundi na si mteja.

"Fanya matatu," alisema mama. "Leo nina watu wa paa."

"Mama, niko hapa," alisema Fundi.

"Nakuona." Mama aliyasema hayo kwenye simu. "Umekonda."

"Nilituma nauli yangu."

"Ilifika. Mungu akuzidishie."

Kitoroli kilikuja na wote wawili wakasogea kukipisha, kila mmoja upande wake. Mwenye kitoroli alishukuru.

"Mama, bei unazijua. Unazijua kuliko mtu yeyote. Kwa nini hukuniambia?"

Mama alihamisha simu kwenye bega la pili. Hakuonekana mwenye haya wala mwenye hasira. Alionekana kama mtu aliyeulizwa njia ya mahali anapokaa.

"Wewe uko mbali, mwanangu," alisema. "Unanitumia, nashukuru, kila siku nakuombea. Lakini usiku mgongo ukiniuma anayenikanda ni yeye. Chakula kwenye sahani ananiwekea yeye. Nimkatalie mbele ya watoto wake? Nikimkatalia, kesho niende wapi?"

"Ungekuja kwangu."

"Kwako wapi?"

Fundi alifikiria kitanda chake na kitanda cha mpishi, na nafasi iliyopo katikati, inayotosha jozi mbili za viatu. Mama alisubiri jibu kwa heshima, kama watu wanavyosubiri mtu atafute chenji, kisha akaona halipo.

"Chumba chenyewe kizuri?" aliuliza Fundi.

"Kina hewa. Dirisha lake kubwa." Mama alianza kupanga nyanya kikapuni, ngumu chini, laini juu. "Nimemwambia mdogo wako aweke na kochi sebuleni, siku ukija uwe na pa kulala."

"Kochi."

"La watu watatu. Utajinyoosha."

Mama Mafungu alijifanya ana shughuli na mfuko wa aproni. Mama alimlipa pesa za kwao, noti iliyokunjwa vizuri, mpya, kama zinavyotoka pale watu wanapopokea pesa za kutumiwa.

"Utarudi lini?" aliuliza mama.

"Bei zikishuka," Fundi alisema.

Mama alizitazama nyanya. Akautazama uso wa binti yake, akitafuta kama kuna utani ndani yake, na kama alikuta kitu hakukisema.

"Basi usiharakishe," alisema. "Huku bado zinapanda."

Alihamishia kikapu mkono wa kulia kwa sababu kilikuwa kizito, akaelekea upande wa majokofu ya samaki. Fundi alimfuata. Alimwona akipinda kona, na alipofika kwenye kona hiyo mwenyewe alikuta samaki tu, wamelala kwenye barafu, na mfanyakazi anapanga vibao vya bei.

Simu haikuwa imekatwa. Mama hakujua kukata simu, siku zote alikatiwa. Fundi aliendelea kuishikilia sikioni, akasikia viatu vipya kwenye changarawe, mtu anasalimia, nyundo, kisha lango. Halafu sauti ya mdogo wake, karibu.

"Umepata nyanya?"

"Nimepata."

"Na dada umemwambia?"

"Tumeonana. Hajambo, amekonda kidogo."

"Mama, vigae havitoshi. Fundi wa paa anasema vimetosha upande mmoja tu, na uliokosa ni upande wa chumba chako."

Kikapu kiliwekwa chini.

"Atatuma," mama alisema.

Mwisho wa mwezi Fundi alituma.