Risasi za Dukani

Jumamosi ya pili ya mwezi Machi, bastola ya Ardith Vogel ilikwama mara nne kwenye mashindano ya klabu, mbele ya wanaume wanane ambao kwa heshima waliinamisha macho, wakajifanya wanahesabu matundu kwenye shabaha zao. Hilo ndilo lililomuuma. Zamani wangemcheka. Tangu mumewe Merle azikwe mwezi Oktoba, hakuna aliyethubutu kumcheka.

Kesho yake, baada ya ibada, hakubaki kanisani kunywa kahawa na wenzake. Alirudi nyumbani, akampigia simu Gus Haldorson, fundi wa matrekta, rafiki wa Merle tangu utotoni.

"Gus, hii bastola imenishinda. Miaka kumi na tisa haijawahi kukwama hata siku moja."

"Ulikuwa unapiga risasi gani, shemeji?"

"Za dukani. Alizotengeneza Merle limebaki boksi moja, sitaki liishe."

"Kwani Merle hakukwambia?"

"Aniambie nini?"

"Haya, mwenyewe keshatangulia, hawezi kunipiga ngumi. Shemeji, hiyo bastola ina kasoro tangu siku aliyokununulia. Pale nyuma ya mtutu, kwenye kile kiteremko risasi inapopanda kuingia, pana mikwaruzo kama barabara ya changarawe. Risasi yenye kichwa bapa ikifika pale inagoma. Merle aligundua wiki ileile. Lakini alishajigamba kwamba kakupatia bastola bora kuliko zote Dakota nzima, akaona haya. Ndipo akaanza kukutengenezea risasi mwenyewe, za kichwa cha mviringo, zinateleza kama kambare."

"Miaka kumi na tisa?"

"Kila msimu wa baridi. Nilimwambia, 'We Merle, si uking'arishe tu hicho kiteremko, kazi ya mchana mmoja!' Akasema akikishika, utamuuliza kina nini."

Ardith alicheka. Alicheka mpaka akashika ukingo wa meza, kisha akageukia kiti cha Merle cha dirishani, mdomo umeshafunguka, amkabili mkosaji. Kitini palikuwa na taulo zilizokunjwa. Utani kama ule angeula mwezi mzima. Angemwanika Merle mbele ya wageni, angemuuliza mezani kama na pete ya ndoa ilikuwa na mikwaruzo. Sasa ulimkaa kooni, hana wa kumpa.

"Upo, shemeji?"

"Nipo. Nielekeze namna ya kuking'arisha."

"Niletee, nitakufanyia kesho."

"Nimesema nielekeze, Gus. Masikio yako yameingia grisi?"

"Haya, haya. Ila sikiliza: unang'arisha tu, hupunguzi chuma. Ukibadilisha ule mteremko, umeua mtutu. Na ukimaliza, usiipige mpaka niikague."

Ardith alishuka kwenye chumba cha chini ya nyumba, kwenye meza ya kazi ya Merle. Akatoa magazini ya risasi, akatazama chemba, akaingiza na kidole kuhakikisha haina kitu, ndipo akaifungua bastola vipande. Mtutu aliuviringisha kwenye glavu ya ngozi akaubana kwenye jiliwa, si kwa nguvu. Msasa laini kuliko wote aliuzungushia kwenye kijiti cha mviringo, akatia tone la mafuta, akaanza kusugua kwa kufuata njia ya risasi, kutoka chini kwenda juu, taratibu, kama anayepangusa uso wa mtoto.

Kazi ile haikutaka nguvu wala akili nyingi, na hapo ndipo ilipomfikisha asipotaka kwenda.

Majira yote ya baridi Merle alikuwa akishukia humu baada ya chakula, naye Ardith akibaki juu peke yake, akisikia mkono wa mashine ya kutengenezea risasi ukigonga, koo, koo, koo. Mwaka fulani alichoka. Akasimama kwenye ngazi akamwambia, "Ungeoa hicho chuma, mimi ungeniacha kwa baba yangu." Merle aliuachia mkono wa mashine. Aliinua uso, akamtazama kama mtu anayetaka kusema neno, kisha akachukua ganda jingine la risasi. Wiki mbili Ardith alimnunia. Kumbe alikuwa akinuna juu, na chini mtu anamtengenezea yeye.

Mikono ilisimama. Alilia kidogo, si sana, akajifuta kwa mkono wa sweta. Kisha akapaka dawa ya kung'arishia chuma kwenye kitambaa, akaendelea. Kila baada ya muda alitazama kwa kioo cha kukuzia. Mikwaruzo ilififia mmoja mmoja. Alipopitisha ukucha bila kusikia kitu, akaacha, ingawa mkono ulitamani kuendelea. Akausafisha mtutu kwa makini, chembe ya dawa isibaki, akaiunga bastola.

Jumamosi iliyofuata, klabuni, kabla ya mashindano, Gus aliifungua bastola, akaupeleka mtutu dirishani, akaugeuzageuza. "Mh! Kioo hiki, naweza kunyolea ndevu."

"Ndevu zenyewe unazo?"

Ardith alipiga risasi hamsini za dukani, vichwa bapa vitupu. Haikukwama hata moja. Akawa wa saba kati ya tisa.

"Wa saba!" Gus alipaza sauti. "Kumbe bastola ilikuwa inasingiziwa, mbovu ni mpigaji!" Wanaume wakaangua kicheko, na Ardith akamtupia ganda tupu la risasi kifuani.

Alipofika nyumbani alimpigia bintiye Kaylene, aliyeko mbali, mjini Phoenix.

"Baba yako alinificha jambo miaka kumi na tisa."

"Mungu wangu. Mwanamke?"

"Bastola yangu ilikuwa mbovu."

Akamweleza yote. Kaylene akacheka. "Baba huyo," akasema. "Mama, si uje ukae huku kidogo?"

"Nitaona theluji ikiisha."

Huko kwa Kaylene mtoto wake akaita, kitu kikaanguka. "Nitakupigia wiki hii, Mama, sawa?"

"Sawa, mwanangu."

Ardith alibaki ameshika simu kifuani. Saa ya ukutani ilionyesha saa kumi tu ya jioni. Akaenda jikoni, akamenya viazi, akabandika sufuria. Vilipoiva akaona amepika vya watu wawili tena, akavila alivyoweza, vilivyobaki akavifunika.