Kombe la Mdomo Mwekundu

Kombe la mdomo mwekundu, lile la baharini, lilichaguliwa kuwa nembo ya mkoa, na kuanzia siku hiyo Msasa, aliyekula kwa kulisugua na kuliuza tangu hajaota ndevu, alikatazwa kuligusa.

Na aliyelipigia debe ni yeye. Mkoa ulipotangaza kwamba unatafuta kombe la kuwa nembo, wengine walitaka kauri, wengine chaza. Msasa alipita mlango kwa mlango na kombe lake bora, alilolisugua mpaka mtu akijiangalia anauona uso wake, akawaomba majirani kura.

"Likishinda, kila ofisi italitaka mezani," alimwambia mkewe. "Tutasugua mpaka tuote sugu juu ya sugu."

"Sugu ninazo tayari, baba watoto. Tafuta kingine cha kunihonga."

Shemeji yake, kaka wa mkewe, ndiye aliyekuwa akizamia makombe hayo. Yeye hakucheka. "Shemeji, kitu kikishaingia serikalini hakitoki."

"Wewe zamia. Maneno niachie mimi."

Kombe likashinda. Asubuhi yake akaja afisa, binti mpole, na vibarua wawili wenye magunia matupu.

"Shikamoo mzee. Hongera, kombe lako limeshinda. Ila sasa linalindwa. Haliokotwi, halisuguliwi, haliuzwi. Hata yaliyomo humu ndani mwako tunayachukua."

"Haya yamekufa zamani, binti yangu. Maiti unaikinga na nini?"

"Nikikuachia ya zamani, mzee, mapya nitayajuaje?"

Msasa akasimama kando, mikono inaning'inia. Vibarua wakazoa rafu moja baada ya nyingine.

Shimo hakulitaja. Kombe hutoka baharini na mwenyewe ndani. Ukilichemsha, rangi inakufa. Kwa hiyo unalifukia mchangani, sisimizi na funza wale nyama taratibu, na hulifukui mpaka harufu iishe. Nyuma ya jiko yalikuwa yamefukiwa ya juzijuzi. Kibarua mmoja akapita hapo, akasimama, akabana pua.

"Hapa pana nini?"

"Choo," alisema Msasa.

Mkewe wakati huohuo akatoka chooni, upande wa pili wa ua, na ndoo mkononi.

Wakachimba. Uvundo ulioinuka ulifunga madirisha ya mtaa mzima, madirisha ya walewale waliopiga kura. "Msasa!" jirani alipiga kelele. "Nembo yetu inanuka!" Watu wakacheka. Msasa naye akacheka, maana hakujua afanye nini kingine.

Afisa hakucheka. "Haya yalikuwa hai, mzee. Hapa umenifunga mikono."

Hapo ndipo shemeji alipoingia kwa mlango wa uani. Alikuwa ametoka kuzamia tangu alfajiri, hana habari ya katazo. Begani ana mfuko wa wavu, unachuruzika maji, na ndani yake makombe yanachungulia kwa midomo yao myekundu.

"Mbona mnaniangalia hivyo?" aliuliza.

"Mimi ndiye niliyemtuma," Msasa alisema harakaharaka. "Kura nimeomba mimi, shimo nimechimba mimi. Nichukueni mimi."

"Sheria inamchukua aliyekutwa na yaliyo hai, mzee."

"Basi nipeni mfuko niushike!"

Aliukamata kweli, akauvuta. Kibarua akavibandua vidole vyake kimoja kimoja, bila hasira, kama mtu anayemvua mtoto kitu cha kuchezea. Mkewe alisema, "Kaka yangu," basi.

Sasa nembo iko kwenye bendera, kwenye barua, na juu ya lango la ofisi ya mkoa. Ilichomgharimu Msasa ni hiki: makombe yote ya rafuni na ya shimoni; kazi aliyorithi kwa baba yake, na hana nyingine anayoijua; shemeji, aliyekaa ndani mwaka, na alipotoka alihamia mji mwingine bila kupita kuaga; na mkewe, ambaye yupo, anapika, anafua, ila akitaka kumwambia neno humtuma mtoto.