Pengo la Alcides

Tangu miguu imgomee, baba yangu Alcides ana swali moja tu, na si la dawa wala la wajukuu.

"Siku hizi Beata anasimama mbele ya nani?"

Beata ni pomboo. Hapa kwetu Laguna, kusini mwa Brazili, pomboo huwasukuma samaki waitwao mikizi kutoka baharini hadi kwa wavuvi waliojipanga mstari, maji kiunoni, kimia, wavu wa kurusha, mkononi. Pomboo akizama kwa kishindo mbele yako, unarusha. Baba aliapa kwamba Beata anamjua yeye na yeye tu. Mama, Mungu amrehemu, alimwita mke mwenzake.

Nilikuwa nimerudi kutoka mjini baada ya miaka mingi, na swali lile likaanza kunisumbua hata mimi. Utotoni nilikuwa nikikaa kwenye jiwe pale pale wavuapo, nikiokota mikizi waliomponyoka baba. Asubuhi nikabeba kimia chake nikaenda.

Jiwe lilikuwepo, dogo kuliko nilivyolikumbuka. Mstari pia ulikuwepo, ila katikati palikuwa na pengo la mtu mmoja. Kando ya pengo alisimama Valmor, ambaye hajasemezana na baba tangu sijang'oa meno ya utoto. Waligombania mahali hapo hapo.

Beata akaja. Nilimjua kwa pezi lake lililochanika. Akazama kwa kishindo mbele ya pengo, mikizi wakaruka juu, na hakuna aliyerusha kimia.

"Mbona mnawaacha?" niliuliza.

"Hao si wetu," alisema jamaa mmoja. "Huyo anamfanyia kazi mzee Alcides."

"Mzee Alcides yuko kitandani."

"Basi kamwambie pomboo."

Wakacheka. Mimi nilitaka kujua kama ni kweli. Nikaingia majini, baridi ya Juni ikanipanda hadi mbavuni, nikasimama penye pengo.

"Shika ukingo kwa meno, binti Alcides," Valmor alisema bila kunitazama. "Ukirusha hivyo utajivua mwenyewe."

Beata akarudi, akazama. Nikarusha. Kimia kilifunguka upande, lakini hasira ya mkizi ni tijara ya mvuvi: waliruka wenyewe wakaingia.

Kumbe Beata hakumjua baba. Alijua mahali tu, na angeifanyia kazi hata nguzo. Nilisikia uchungu, maana sasa ningemwambia nini mzee?

"Mlikuwa hamjui?" nilimuuliza Valmor tulipotoka majini.

Alikamua shati lake kwanza. "Mimi nilijua. Siku ya kwanza baba yako alipokosekana, niliwahi kabla ya wenzangu, nikasimama pale, nikapata kimia tele. Nikawaambia hawa kwamba Beata amenikataa."

"Kwa nini?"

"Angerudi akamkuta nani mahali pake?"

Nyumbani nilimsongea baba sima ya muhogo kwa mchuzi wa wale mikizi. Kabla ya tonge la kwanza akauliza lile lile.

"Beata anasimama mbele ya pengo lako," nilisema. "Hakuna anayeligusa. Valmor amelilinda."

"Valmor?"

"Valmor."

Aliweka tonge chini. Machozi yalimlengalenga, na kuhusu Beata hakuuliza tena.

"Mpumbavu yule," alisema baadaye. "Mikizi wote hao wamepotea bure. Kamwambie asimame yeye. Na jioni aje tule."